Ukuta mfupi

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu alitutembelea Moshi akiwa amevaa fulana nyeusi yenye lile duara. Bila shaka mmeliona: nusu nyeupe, nusu nyeusi, zimejikunja kama samaki wawili wanaofukuzana mikia, na kila samaki ana jicho lenye rangi ya mwenzake. Kainunua mtumbani pale Memorial, shilingi elfu tatu, na anajivunia bei. Mama alikuwa anachambua maharage. Akayaacha.

"Hiyo si alama ya Freemason?"

"Hapana bibi, hii ni yin na yang. Nyeupe ni mema na utaratibu, nyeusi ni mabaya na vurugu. Vinatakiwa viwe sawasawa."

Kama kuna jibu ambalo lingemtuliza mama, hilo halikuwa lenyewe. Mema na mabaya yawe sawasawa, tena kwenye nyumba ambayo rozari inaning'inia juu ya friji! Nikaitwa kutoka uani nilikokuwa naanua nguo. "Wewe injinia, ulikaa kwa Wachina miaka sita. Njoo utuambie mtoto kavaa nini."

Nilijibu hovyo. Nilisema ni kama mapambo tu, mama asijali. Usiku nikajilaumu, maana hilo duara na mimi tunafahamiana, na kwa namna fulani limenigharimu kibarua cha miaka miwili. Kwa hiyo naandika hapa nilichopaswa kusema pale kwenye maharage.

Nilikwenda Chengdu kusomea uhandisi wa maji. Mwaka wa kwanza wote ni lugha: asubuhi hadi jioni mnakariri maumbo, mkono unauma kuliko kichwa. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo asiyeachana na chupa yake ya chai, majani yakielea ndani. Siku moja aliandika ubaoni maneno mawili, yin na yang, akatuuliza tunaona nini. Yote mawili yanaanza kushoto kwa alama ileile, ile inayohusu kilima na miinuko ya ardhi. Upande wa kulia, kwa maandishi yaliyorahisishwa ya siku hizi, moja lina mwezi na jingine lina jua.

Akasema: kilima ni kimoja. Ubavu wenye kivuli ni yin, ubavu wenye jua ni yang. Akanywa chai.

Nilisubiri yaje ya mizimu na nguvu za ulimwengu, hayakuja. Badala yake akatuonyesha ramani. Wachina wako kaskazini ya mbali, jua kwao hupita upande wa kusini, kwa hiyo ubavu wa kusini wa mlima ndio unaota jua: huo ni yang. Kwenye mto ni kinyume, ukingo wa kaskazini ndio unaolitazama jua. Ndiyo maana mji wa Luoyang unaitwa hivyo, uko kaskazini mwa mto Luo. Jiangyin uko kusini mwa Yangtze, upande wa kivuli. Huayin uko kaskazini mwa mlima Hua. Miji mizima imepewa majina kwa kuangalia jua linapiga wapi, kama sisi tunavyosema Uru juu na Uru chini.

Mimi mtoto wa mlimani nikanyoosha mkono. Nikamwambia mwalimu, kwetu hesabu hiyo haikubali. Kilimanjaro iko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua liko kaskazini, mwezi wa kumi na mbili liko kusini, kivuli kinahama nyumba mara mbili kwa mwaka. Na kinachotofautisha ubavu na ubavu kwetu ni mvua: kusini kumelowa, migomba, ukungu, baridi ya asubuhi, kaskazini, kule Rongai, ni kukavu. Sasa yin yetu iko wapi? Mwalimu akafikiri, akasema basi ninyi mnaishi kwenye yin, maana yin ni unyevu pia, nanyi mmefanya vizuri kukaa huko. Darasa likacheka. Mvietnamu mmoja aliyekaa nyuma yangu akaniita Mama Kivuli mpaka tunahitimu.

Na Chengdu penyewe ni yin tupu. Mawingu miezi na miezi, nguo hazikauki. Wana msemo wa zamani kwamba mbwa wa Sichuan hubwekea jua, kwa sababu hawalioni mara nyingi wakalizoea. Nilidhani ni utani wa watu wa mikoa mingine mpaka siku moja ya Februari jua lilipotoka na chuo kizima kikahamia kwenye nyasi na viti vya kukunja, karata na mbegu za alizeti. Sikusikia mbwa, lakini profesa wangu wa haidroliki alivua viatu hadharani.

Kwa hiyo, mpwa wangu mpendwa: nyeusi si mabaya. Ni kivuli, ubichi, usiku, ubaridi, kinachoshuka na kupokea. Nyeupe ni jua, ukavu, joto, mchana, kinachopanda. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho vurugu. Jua likizidi ni ukame, mvua ikizidi ni mafuriko, na hapo ndipo vurugu inapozaliwa: pale upande mmoja unapokosa pa kugeukia.

Nisiwasafishe sana Wachina lakini. Enzi ya Han kulikuwa na mwanazuoni mkubwa, Dong Zhongshu, aliyefundisha kwamba yang ni ya heshima na yin ni ya chini, kisha akapanga watu humohumo: mtawala yang, mtawaliwa yin, mume yang, mke yin. Kilima cha watu kikageuzwa ngazi. Nilipolisoma hilo nikasema aa, hapa sasa nimefika nyumbani. Maana mimi nimekulia kwenye mfongo.

Kwa msiotoka kwetu: mfongo ni mfereji wa kuchepusha maji kutoka mtoni juu kabisa, ukayatembeza kwenye mteremko kilomita kadhaa hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba ya nyumbani. Mifongo ya Uchagani ilikuwapo kabla ya Mjerumani. Babu yangu alikuwa mzee wa mfongo wa ukoo wetu na majirani. Yeye ndiye aliyegawa zamu na kumtoza mbege aliyekosa kazi ya kusafisha. Na wanawake hawakuruhusiwa kufika kwenye kichwa cha mfongo, pale maji yanapochukuliwa. Ilisemekana maji yatakauka. Babu alinipenda, akanichukua kila mara, lakini kulikuwa na mti mmoja wa mringaringa ambapo angesema, "Hapa unanisubiri, baba." (Aliniita baba. Kwetu mtoto unaweza kumwita hivyo kwa mapenzi, hata akiwa wa kike.) Nikasimama chini ya mringaringa nikisikia mto na sauti za wanaume, nisione kitu.

Nilichokiona ni kwamba kila masika mto ulikibomoa kile kichwa, na kila masika ikiisha wanaume walipanda kukijenga upya. Mawe, magogo ya migomba, majani, udongo. Nikiwa darasa la sita nilimuuliza babu kwa nini hawajengi kwa saruji, wamalize. Alinijibu nikaona ni jibu la mzee aliyechoka: "Mto una kichaa chake. Ukimfungia kichaa mlango, atatokea ukutani."

Sasa niwapeleke Dujiangyan, maana huko ndiko nilikomwelewa babu, kilomita elfu kadhaa na miaka kumi na mbili baadaye.

Ni treni ya nusu saa kutoka Chengdu. Mto Min unashuka kutoka milimani kwa hasira, unafika uwanda wa Chengdu ambao ni tambarare kama chapati, na zamani kila kiangazi chao ulikuwa unafurika upande huu huku upande wa pili mashamba yanakauka. Karibu mwaka 256 kabla ya Kristo, gavana wa dola ya Qin aliyeitwa Li Bing aliamua kushughulika nao. Hakujenga bwawa. Hilo ndilo lililonishtua kama mwanafunzi niliyekuwa nachora mabwawa kila wiki. Hakuna ukuta wa kuuzuia mto popote.

Katikati ya mto kuna tuta refu lenye ncha, wanaliita Mdomo wa Samaki. Linaupasua mto mara mbili. Mkono wa ndani ni mwembamba na wenye kina, huo ndio unaokwenda mashambani. Mkono wa nje ni mpana na usio na kina, huo ni mto kuendelea na safari zake. Fikirini: maji yakiwa machache yanafuata kina, kwa hiyo sehemu kubwa, inasemwa sita kwa kumi, inaingia ndani ambako wakulima wanayahitaji. Maji yakiwa mengi, kina hakina maana tena, upana ndio unaotawala, na ile sita kwa kumi inageuka yenyewe kwenda nje. Hakuna anayefungua lango. Mto unajigawia mwenyewe, na uwiano unapinduka kwa majira, samaki mweupe akigeuka mweusi. Nilisimama kwenye lile daraja la kuning'inia lililo karibu, linayumba vibaya, watalii wanapiga kelele, na mimi nimeduwaa kama mtu aliyeonyeshwa jibu la mtihani.

Kwa mbele kidogo, kabla maji hayajaingia kwenye shingo waliyoichonga mlimani (hapakuwa na baruti, waliuchoma mwamba kwa moto kisha wakaumwagia maji upasuke), kuna kitu ambacho watalii wengi wanakipita bila kukitazama. Ni ukuta mfupi. Kimo chake kama mita mbili tu kutoka kwenye sakafu ya mto. Maji yakizidi yanaruka juu yake na kurudi mto wa nje, na kwa kuwa yanakuja kwenye pinda yanazunguka, yanabeba mchanga na kokoto na kuvirusha huko. Kichina wanauita kizingiti cha mchanga unaoruka.

Kwenye hekalu la mlimani lililo juu ya mto kuna maneno sita ya Kichina yamechongwa, na mwongozaji aliyasoma kwa sauti: *chimba sakafu kwa kina, jenga kizingiti kifupi*. Nikaandika kwenye daftari. Kila majira ya baridi walikuwa wanaukausha mkono mmoja wa mto kwa kuuziba na matatu ya magogo, yaani miguu mitatu iliyofungwa juu na kukandikwa mikeka na udongo, kisha wanashuka kufukua mchanga. Wafukue hadi wapi? Walifukia vipande vya chuma kwenye sakafu; ukigonga chuma, acha. Li Bing mwenyewe inasemekana alisimamisha watu wa mawe ndani ya maji: maji yasipungue chini ya nyayo zao, yasizidi mabega. Sijawahi kuona kipimo cha maji chenye ubinadamu kama hicho. Mimi vyangu ni mabomba ya plastiki yenye namba.

Tuta lenyewe kwa karne nyingi lilijengwa kwa vikapu virefu vya mianzi vilivyojazwa mawe, kama soseji. Mianzi inaoza. Lazima usuke vingine, kila mwaka. Ni kawaida kabisa kwamba kuna waliochoka. Enzi ya Yuan, karne ya 14, wakasubu kasa mkubwa wa chuma wakamlaza kwenye ncha. Mto ukamla. Enzi ya Ming, karne ya 16, wakasubu ng'ombe wawili wa chuma. Mto ukawala nao. Wakarudi kwenye vikapu, kwa sababu kikapu kinakubali kupindika, chuma kinasimama mpaka kiangukie kifudifudi.

Leo Mdomo wa Samaki ni wa zege, niseme ukweli, na mkono wa nje una malango ya mitambo, na juu ya mto kuna bwawa kubwa la Zipingpu lenye ukuta wa mita 156. Wachina si watu wa kuabudu mianzi. Lakini ukuta mfupi bado upo na bado ni mfupi. Tetemeko la Mei 2008 lilipoipiga Sichuan, mahekalu ya pale yaliporomoka, ncha ya tuta ikapata nyufa, maji yakaendelea kugawanyika. Zaidi ya hekta 600,000 zinakunywa kutoka pale.

Nilirudi Tanzania na shahada na maneno sita kwenye daftari, nikasahau yote.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kusanifu banio, yaani kizuizi cha kuchepusha maji ya mto kwenda mferejini, kwenye skimu moja ya mpunga. Sitataja wapi, wala nani alinilipa, maana lawama ni yangu. Wakulima walikuwa na banio la kienyeji, mawe na magogo na viroba vya mchanga, linabomoka kila masika. Nilikwenda na rula yangu kama mtu aliyetumwa kusafisha jikoni la jirani. Nikachora banio la zege mto mzima, lango la chuma la kuzungusha kwa usukani, mfereji mkuu umesakafiwa. Kwenye ripoti, nikieleza kwa nini la zamani halifai, nikaandika kwamba maji mengi yanapenya kati ya mawe. Neno nililotumia ni "upotevu".

Diwani alikata utepe. Tulikula pilau.

Kiangazi cha kwanza lango likafanya kazi niliyolichorea: lilichukua maji yote. Huko chini, kijiji cha pili, mto ukawa njia ya mchanga na madimbwi ya kijani. Ule upotevu wangu ulikuwa bustani za mchicha za kina mama wa kule, na maji ya ng'ombe, na kisima kifupi cha shule. Walikuja kumi na mmoja, wengi wanawake, wakakaa chini ya mwembe nje ya ofisi tangu asubuhi. Mmoja aliniuliza, bila ukali, "Mama injinia, hivi sisi ulituona kwenye ramani?" Niliwaona. Walikuwa nje ya mstari mwekundu wa mradi.

Na sikuwa wa kwanza, hilo ndilo linaloniuma. Mto Ruaha Mkuu hukauka ndani ya hifadhi kila kiangazi tangu mwaka 1993, na katika mengi yaliyoandikwa kuhusu sababu zake yamo mabanio ya kisasa ya Usangu, bonde lililo juu ya mto huo, yanayoweza kuchukua maji ya kiangazi ambayo yale ya mawe yalishindwa kuyashika. Nilifundishwa hilo. Nilifaulu mtihani wake.

Kuna hadithi ya kale katika kitabu cha Zhuangzi, mwanafalsafa wa Kichina, ambayo rafiki yangu wa bwenini alinisimulia kwa lugha ya watoto ili nielewe. Mfalme wa bahari ya kusini na mfalme wa bahari ya kaskazini walikuwa wakikutana katikati, kwa mfalme aitwaye Hundun, yaani Vurugu, ile ya kabla vitu havijatengana. Hundun aliwakirimu sana. Wakajadiliana wamlipe nini. Wakaona kila mtu ana matundu saba ya kuona, kusikia, kula na kupumua, huyu maskini hana hata moja. Wakaamua kumtoboa, tundu moja kwa siku. Siku ya saba Hundun akafa.

Walikuwa wageni wenye shukrani kabisa. Nadhani nao walikata utepe.

Mkataba wangu haukuendelezwa, nikarudi nyumbani kwa muda, ndipo mnaponikuta nikianua nguo. Lakini mwezi uliopita nilipanda basi nikaenda kule kwenye skimu kwa nauli yangu, nikijiandaa kutukanwa. Mwenyekiti wa chama cha wamwagiliaji, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu hata juani, alinipokea kwa uangalifu wa mtu anayeficha kitu. Nikampa shikamoo, tukashuka mtoni.

Upande wa kushoto wa banio langu, kipande cha zege chenye upana wa hatua tatu hakikuwapo. Kimepasuliwa kwa nyundo na moto. Masizi bado yalikuwepo. Mahali pake wamepanga mawe, magogo na majani ya migomba, kwa mkono, chini ya usawa wa zege. Maji yalikuwa yanapenya kati ya mawe na kuteremka kwenda kijiji cha pili.

"Tulikaa nao," mzee alisema akiangalia ng'ambo. "Tukakubaliana. Masika yakipaondoa, tunakuja wote, wa juu na wa chini, tunapanga tena." Akakohoa. "Tutashtakiwa?"

Nikamwuliza nani aliamua kimo. Akasema kina mama wa chini ndio walioshika kamba.

Nilivua viatu nikaingia majini. Nilikuwa na futi kamba kwenye mkoba, mazoea tu. Kutoka juu ya zege hadi juu ya mawe: sentimita arobaini na mbili. Nikaandika kwenye lile daftari la Chengdu, kurasa za nyuma, kisha nikamwomba mzee anishikie ncha ya pili nipime upana.